Kicheko, Sikukuu na Mauti: Maoni juu ya Kufundisha Habari za Vita kwa Mchezo wa Kuigiza

Walimu wengi wa shule za msingi hukubali, angalau kwa maneno, kwamba mchezo wa kuigiza ni njia njema ya kufundishia. Jambo hilo limo katika vitabu vya mbinu za kufundisha, nalo huandikwa katika maandalio ya somo karibu kila mwanachuo anapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Lakini ukiitazama michezo inayoonyeshwa katika shule zetu za Nachingwea na Ruangwa siku za sherehe za taifa, hasa ile inayohusu vita vya ukombozi, utaona kwamba mingi ni mchezo mmoja tu unaorudiwa. Wavulana wanane hushika bunduki za miti. Mmoja aliyepakwa unga usoni ndiye mkoloni. Kuna kelele, kuna kuanguka, kisha bendera hupandishwa na mgeni rasmi hupiga makofi. Mambo yote huisha kwa dakika sita. Ukimwuliza mtoto yule aliyeanguka kwamba alikuwa nani, alitoka wapi, alikula nini asubuhi ile na ni nani aliyemzika, hana jibu, kwa sababu mwalimu wake hakuwa na swali.

Nia ya makala haya ni kutetea mchezo wa namna nyingine, yaani mchezo wa kuchekesha ambao ndani yake mna hospitali, mna sikukuu na mna kifo. Natambua kwamba wako wasomaji watakaoona kuwa vita na kicheko havikai chungu kimoja. Nitawajibu kadiri ya uwezo wangu, lakini kwanza nieleze mfano mmoja kutoka mbali, kwa kuwa mfano wa mbali mara nyingine hutuonyesha vyema kilichoko karibu.

Kuanzia tarehe 17 Septemba 1972 hadi tarehe 28 Februari 1983, televisheni ya CBS ya Marekani ilionyesha mfululizo wa michezo ulioitwa M*A*S*H. Ulitokana na riwaya iliyotolewa mwaka 1968 na daktari mpasuaji aliyejiita Richard Hooker, na baadaye filamu ya mwaka 1970. Habari zake ni za madaktari na wauguzi wa hospitali ya mahema katika vita vya Korea, vilivyoanza tarehe 25 Juni 1950 na kusitishwa tarehe 27 Julai 1953. Vita vyenyewe vilichukua miaka mitatu, mchezo ukachukua kumi na mmoja. (Msomaji wa kusini atatambua kwamba tarehe 25 Juni ina historia ndefu kwetu pia: chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam siku hiyo mwaka 1962, na Msumbiji ikawa huru siku hiyo mwaka 1975. Kulingana kwa tarehe hakuna maana yoyote, ila watoto hukumbuka tarehe kwa vishikizo vya namna hii, na mwalimu asividharau.) Wakati mchezo huo ukionyeshwa kule, Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar ilianza mwaka 1973, na Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Kwa hiyo wazee wetu hawakuucheka. Walikuwa na vichekesho vyao vya redioni, kama vile Pwagu na Pwaguzi, ambavyo havikuwa na daktari wala damu.

Katika desturi ya televisheni ya Marekani ya wakati ule, mchezo wa kuchekesha uliwekewa kicheko kilichorekodiwa, ili mtazamaji aliye nyumbani aambiwe mahali pa kucheka. Wenye kituo walitaka kicheko hicho kiwemo katika M*A*S*H pia. Watengenezaji walikubali kwa shingo upande, lakini wakashikilia sharti moja: katika chumba cha upasuaji kicheko kisisikike. Madaktari waliweza kutaniana juu ya meza ya upasuaji, na walitaniana sana, lakini hakuna mtu asiyeonekana aliyecheka kwa niaba ya mtazamaji. Mtazamaji aliachwa peke yake na mgonjwa.

Sharti hilo, kwa maoni yangu, lina faida kwa mwalimu wa shule ya msingi kuliko kurasa nyingi za nadharia ya maigizo. Halisemi kwamba jambo zito lisifanyiwe mzaha. Linasema kwamba mwenye kuandaa mchezo ajue ni mahali gani panapopasa kuachwa kimya, na apaamue kabla ya pazia kufunguliwa.

Sehemu ninayotaka kuizungumzia ilionyeshwa tarehe 15 Desemba 1980, na jina lake ni Death Takes a Holiday. Jina hilo lina mchezo wa maneno ambao Kiswahili hakiwezi kuubeba, kwa kuwa sisi tunatenganisha likizo na sikukuu, na wao wana neno moja kwa yote mawili. Mauti imechukua likizo, au mauti imefika siku ya sikukuu? Yote mawili yamo. Ni Krismasi. Chakula cha sherehe hakikufika kambini, nao watu wa hospitali wamewaalika watoto yatima wa Kikorea. Kila mmoja anatoa alicholetewa kutoka nyumbani. Katikati ya maandalizi analetwa askari aliyepigwa risasi kichwani, ambaye hana tumaini la kupona. Katika vitu vyake inaonekana picha ya mkewe na watoto. Daktari Hunnicutt, ambaye naye ana binti mdogo nyumbani, anakataa mtu huyo afe siku ile, kwa sababu watoto wake wataikumbuka kila Krismasi kuwa siku aliyokufa baba. Yeye, mwenzake Hawkeye na muuguzi mkuu Margaret wanaiacha sherehe na kupigana na kifo, si kwa kukishinda bali kwa kukichelewesha hadi ipite saa sita ya usiku. Hawafaulu. Askari anakufa kabla ya saa hiyo. Ndipo Hawkeye anapoisogeza mishale ya saa ya ukutani mpaka dakika chache baada ya saa sita, na kwenye karatasi za hospitali kifo kinakuwa cha tarehe 26.

Huo ndio mkasa wenyewe, na mwanachuo aliyezoea kutafuta funzo katika kila hadithi atauliza funzo liko wapi. Mimi nasema asilitafute upesi. Wapewe watoto wa darasa la sita mkasa huu kwa masimulizi ya mdomo, kwa dakika kumi, bila televisheni, bila umeme, kisha waulizwe swali moja tu: je, daktari alitenda haki? Alisema uongo kwenye karatasi ya serikali. Hakuna aliyedhurika. Watoto wa marehemu walipata Krismasi yao. Lakini mjane hatajua kamwe saa ambayo mumewe alikata roho. Watoto watagawanyika, na mgawanyiko huo ndio somo. Mwanachuo anayejiandaa kujaza daftari la mahudhurio kwa miaka thelathini ijayo, na ambaye siku moja ataombwa na mzazi mwenye huruma na matatizo yake aandike kwamba mtoto alikuwepo ilhali hakuwepo, naye atakuwa na la kufikiri.

Kuna jambo jingine ambalo mtazamaji wa Marekani hakuweza kuliona, na mtoto wa Kiswahili anaweza. Kwa hesabu ya asili ya watu wa pwani na ya Waislamu wote, siku mpya haianzi saa sita ya usiku bali huanza jua linapokuchwa. Usiku hutangulia mchana wake. Ndiyo maana tukisema usiku wa Ijumaa, wazee wetu wa Lindi na Kilwa huelewa usiku unaoifuata Alhamisi. Hata katika taarifa za habari za leo tunasema usiku wa kuamkia tarehe fulani. Kwa hesabu hiyo, askari yule aliyekufa usiku wa tarehe 25 alikwisha kuingia siku ya pili tangu magharibi. Sikukuu ilikuwa imepita. Daktari hakuhitaji kuigusa saa. Sidhani kama somo la hesabu za saa katika darasa la tatu limewahi kupata mfano ulio hai kuliko huu, wala somo la Kiswahili halijapata njia nyepesi zaidi ya kueleza kwa nini saa sita yetu ni saa kumi na mbili ya Waingereza. Kalenda ni mapatano ya watu, na mtoto akilijua hilo mapema atawaelewa jirani zake wa dini nyingine.

Sasa nije kwetu.

Mtoto anayesoma Nachingwea anakanyaga ardhi ambayo watu wa nchi mbili waliipitia wakienda vitani. Baada ya mpango wa karanga wa Waingereza kuanza mwaka 1947 na kuanguka mwaka 1951, yalibaki mashamba yenye namba, mojawapo likijulikana hadi leo kama Farm 17. Katika miaka ya 1960 serikali ya Tanzania iliwapa FRELIMO mahali hapo pa kufunzia wapiganaji, na kambi ikadumu mpaka vita vilipokwisha. Vita vyenyewe vilianza tarehe 25 Septemba 1964 kule Chai, Cabo Delgado. Mwaka 1967 kikundi cha kwanza cha wanawake kilifunzwa kijeshi Nachingwea. Mapatano ya Lusaka yalitiwa sahihi tarehe 7 Septemba 1974.

Haya, kwa ufupi au kwa urefu, huwa yanatajwa. Lisilotajwa ni kwamba kamanda aliyeiongoza kambi ile, Samora Machel, alikuwa muuguzi kwa kazi yake. Alisomea uuguzi Lourenço Marques, mji ambao tangu mwaka 1976 huitwa Maputo, na akafanya kazi hospitalini kabla ya kutorokea Tanzania mwaka 1963. Wala haitajwi kwamba FRELIMO ilikuwa na hospitali Mtwara, iliyopewa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa vitani mwaka 1968. Majeruhi waliletwa kutoka ng'ambo ya Ruvuma, na njia nyingi za porini hazikuwa na gari, kwa hiyo walibebwa kwa machela. Maana yake ni kwamba mtu aliyepigwa risasi Cabo Delgado alitegemea mabega ya watu wanne na mtumbwi mmoja kabla ya kumfikia daktari. Kwa nini basi katika michezo yetu ya shule hakuna hata mara moja machela? Kwa nini kuna bunduki wanane na muuguzi hakuna? Machela ni miti miwili na gunia, vitu ambavyo kila shule ya Ruangwa inavyo. Bunduki ya mti huchongwa kwa siku nzima.

Tulitazame pia suala la siku ya kifo. Yule daktari wa Korea aliona kwamba kifo kikiangukia sikukuu kitaiharibu sikukuu milele. Sisi katika sehemu hii ya dunia tumetenda kinyume chake: tumechukua siku za vifo tukazifanya sikukuu. Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, aliuawa kwa bomu Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969, na tarehe hiyo ndiyo Siku ya Mashujaa ya Msumbiji. Josina Machel, aliyepata mafunzo Nachingwea na kuongoza kazi ya kuwatunza watoto yatima wa vita, alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na umri wa miaka 25 tu, akiacha mtoto mdogo. Msumbiji huiadhimisha siku hiyo kuwa Siku ya Wanawake. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile 7 Aprili, mwaka 1972, Sheikh Abeid Amani Karume aliuawa Zanzibar, nasi tunapumzika kila mwaka siku hiyo. Tarehe 14 Oktoba ni siku aliyofariki Mwalimu Nyerere mwaka 1999. Mtoto wa shule ya msingi huzijua siku hizi kwanza kama siku za kutokwenda shule. Anafurahi. Hakuna ubaya katika furaha hiyo, lakini ni mwalimu gani aliyewahi kumwuliza kama kuna mtoto mwingine mahali fulani ambaye siku hiyo kwake ni siku ya baba au ya mama? Hapo ndipo mkasa wa saa ya Hawkeye unapoweza kuingia katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili bila kulazimishwa. Daktari alitaka watoto wasahau tarehe, taifa linataka wote wakumbuke. Ni nani anayewahurumia watoto zaidi? Nimelisikia swali hili likijadiliwa kwa saa nzima na watu wazima, wala hawakufikia mwisho.

Nirudi kwenye kicheko, kwa maana ndicho kitakachonigombanisha na wenzangu.

Hoja ya kwanza dhidi yangu ni kwamba kucheka karibu na kifo ni desturi ya wageni. Hoja hii haina nguvu hata kidogo kwa mtu aliyewahi kuhudhuria matanga kusini. Wenye utani huja msibani kazi yao ikiwa ni hiyohiyo. Mtani ataiga mwendo wa marehemu mbele ya wajane. Ataingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe fedha. Atalia kwa sauti kubwa kuliko wafiwa, kisha aulize kama ubwabwa umeiva. Wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka, na hakuna anayesema amedharauliwa. Tena mtani ana mipaka yake, tena mikali: si kila mtu aweza kutania, si kila neno, wala si kila wakati. Wakati wa dua hunyamaza. Ni sharti lile lile la chumba cha upasuaji, ila sisi tulikuwa nalo kabla televisheni haijabuniwa. Mwanachuo anayetaka kujua jinsi ya kuandaa kichekesho juu ya jambo zito asianze maktabani. Aende kwa mzee mwenye utani amwombe amweleze alichokatazwa.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Katika madarasa ya Nachingwea na Ruangwa wamo watoto ambao babu na bibi zao walivuka Ruvuma wakikimbia vita vile. Wengine wana ndugu waliozikwa bila kujulikana walipozikwa. Je, tuwachekeshe watoto hao kwa msiba wao? Nakubali kwamba hatari ipo, wala si ya kubuni. Vichekesho vingi vya shule hupata kicheko chao kwa njia tatu: kuiga kiwete, kuiga mlevi, na kuiga lafudhi ya Mmakonde aliyetoka Msumbiji. Hii ya tatu ni ovu hasa, nami naiona mara kwa mara ikipigiwa makofi na walimu wenyewe. Mtoto ambaye bibi yake huzungumza hivyo nyumbani hukaa kimya nyuma ya darasa, na mwalimu huandika katika tathmini yake kwamba wanafunzi wote walishiriki. Kichekesho cha namna hiyo kipigwe marufuku, na mwanachuo atakayekileta darasani anyimwe alama za somo hilo lote.

Lakini tofauti ni kubwa kati ya kumcheka aliyejeruhiwa na kucheka pamoja naye. Katika M*A*S*H anayechekwa ni mkubwa mwenye majivuno, ni karatasi za jeshi zisizokwisha, ni chakula kibaya. Mgonjwa hachekwi. Kwa watoto wetu kanuni hii yaweza kusemwa kwa maneno mepesi: mcheke mwenye cheo, mcheke asiyeumia, jicheke mwenyewe. Katika kambi ya kubuni wanayoiigiza, mpishi aweza kuwa mchekeshaji, kwa sababu amepewa muhogo na mbaazi kwa siku thelathini mfululizo na ameambiwa aandae karamu. Karani wa ghala, asiyetoa hata kipande cha sabuni bila sahihi tatu, aweza kuwa mchekeshaji. Watoto wanawajua watu hawa. Wanawaona kila siku, baadhi yao wako shuleni.

Ngonjera tulizozirithi tangu siku za Mathias Mnyampala zina faida yake, nami sizidharau. Lakini ngonjera hupanga pande mbili, na mwisho wake upande mmoja hukiri kushindwa. Zinafaa kwa kusifu na kwa kuhimiza, hazifai kwa jambo ambalo mwalimu mwenyewe hana hakika nalo. Kwa jambo la namna hiyo panahitajiwa mchezo unaoachwa wazi.

Juu ya utekelezaji sina mengi, kwa sababu kazi hii ni rahisi kuliko inavyoonekana. Saa ya kadibodi iliyotengenezwa kwa ajili ya hesabu za darasa la tatu itundikwe ukutani, ndiyo zana kuu. Machela yawepo. Kanga mbili zitenganishe hospitali na uwanja wa sikukuu, ili watazamaji waone pande zote mbili kwa wakati mmoja: huku watu wanacheza ngoma, huku wengine watatu wanamzunguka mgonjwa. Watoto wachague wenyewe ni sikukuu gani, Idi, Krismasi, au tarehe 25 Septemba. Wasipewe maneno ya kukariri. Wapewe hali, kisha waachwe watunge kwa vipindi viwili. Majina ya watu halisi yasitumiwe. Asiwepo mtoto anayeitwa Samora akisema maneno ambayo Samora hakuyasema, maana hapo tutakuwa tunafundisha uongo kwa jina la historia. Mganga aitwe mganga, mpishi aitwe mpishi. Mwalimu aamue jambo moja tu, nalo ni mahali pa kimya. Mkono wa saa unaposogezwa, ngoma ikome, na asiwepo wa kusema neno mpaka mwalimu ahesabu moyoni hadi kumi. Mwanachuo atashangaa jinsi kumi ilivyo ndefu.

Wako watakaosema kwamba muda hautoshi, na kwamba mtihani wa darasa la saba hauulizi habari za Hawkeye. Ni kweli hauulizi. Unauliza habari za ukombozi wa kusini mwa Afrika, na mtoto aliyebeba machela atazikumbuka kuliko aliyenakili ubaoni.

Nimebakiza upande wa pili wa mkasa ule wa mwaka 1980, ambao kwa mwalimu wa wilaya zetu mbili ndio mchungu zaidi. Yumo daktari mmoja mwenye majivuno, Winchester, mtoto wa tajiri wa Boston. Kwa siri, kwa kufuata desturi ya ukoo wao inayotaka mtoaji asijulikane, anapeleka chokoleti za thamani kwenye kituo cha watoto yatima. Wenzake wanamwona bahili kwa kuwa hawajui. Baadaye anagundua kwamba chokoleti zimeuzwa kwa magendo. Anamwendea msimamizi wa kituo kwa hasira, na msimamizi anakiri mara moja. Chokoleti zingewapa watoto furaha ya dakika chache. Fedha zake zimenunua mchele na kabichi za mwezi mzima. Winchester ananywea. Anaona kwamba yeye ndiye aliyekosea, kwa kumpelekea kitamutamu mtoto ambaye hajala chakula.

Mwalimu yeyote aliyepata kupokea wageni shuleni siku ya tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, anaujua mkasa huu bila kusimuliwa. Wageni huja na pipi, biskuti na soda, hupigwa picha, huondoka. Kesho yake jikoni hakuna unga wa uji, kwa sababu mchango wa wazazi haukutimia na msimu wa korosho au wa ufuta bado. Sisemi kwamba mwalimu mkuu auze biskuti sokoni, maana siku hizi ataitwa mwizi kabla hajafungua kinywa, na pengine itakuwa haki. Nasema kwamba watoto wa darasa la sita wana uwezo kamili wa kuigiza kikao cha kamati ya shule ambapo suala hilo linaamuliwa: mgeni yupo, mwalimu mkuu yupo, mzazi yupo, mpishi wa uji yupo, na mtoto wa darasa la kwanza, ambaye kamwe hatasikia habari za bajeti, ameketi na biskuti mkononi. Kitakuwa kichekesho. Nina hakika mpishi wa uji ndiye atakayechekesha zaidi. Na itakapofika mahali ambapo mtu lazima amnyang'anye mtoto yule biskuti yake au amwachie, mwalimu ahesabu tena hadi kumi.

Kwa wanaopanga azimio la kazi: Krismasi huangukia likizo, kwa hiyo mchezo wenye saa ukiachwa mpaka Desemba hautaonyeshwa. Ni afadhali uwekwe katika wiki inayotangulia tarehe 7 Aprili, au karibu na tarehe 25 Septemba, iwapo shule ziko wazi. Mchezo wa biskuti uonyeshwe kabla ya tarehe 16 Juni, na wageni wa siku hiyo waalikwe kuutazama.